Nahamia Tanga na familia, ninunue nyumba ya zamani Ngamiani au mpya kule Kange?

Mgeni_wa_Julai

Habari za jioni wadau, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo hasa nyie mnaoishi Tanga mjini, mi ni mtu wa Mwanza na kazi imenihamishia huko, mwezi wa saba natakiwa niwe nimesharipoti bandarini. Nakuja na mke, watoto watatu (mkubwa yupo darasa la sita) na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ngazi hawezi kabisa. Tumeuza nyumba yetu ya Buhongwa, hela ipo benki, jumla nina milioni 98 na mkopo sitaki.

Nimeshashuka Tanga mara mbili, dalali kanizungusha na bajaji mpaka nikachoka, zimebaki nyumba mbili.

Moja ipo Ngamiani, zile barabara za kati kati. Nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, baraza mbele, uani kuna kisima, jiko la nje na choo. Wanataka milioni 62. Ni ya urithi, mzee mwenyewe alishafariki na watoto wametawanyika. Bati limekula kutu, nyaya za umeme zinaning'inia, choo ndo vile vya enzi hizo. Ila ukiingia saa nane mchana, jua linachoma huko nje, ndani pamepoa utadhani mtu kawasha feni. Mama aliweka kiganja ukutani akasema "huu ukuta una baridi", halafu akaenda kukaa barazani na bibi wa nyumba ya pili, dakika kumi tu tayari wanasimuliana magoti yao.

Nyingine ipo Kange, kama kilomita moja na nusu hivi kutoka stendi ya mabasi. Mpya kabisa haijawahi kulaliwa, jamaa anajenga anauza. Vyumba vitatu kimoja masta, jipsamu, marumaru, madirisha ya alumini, ukuta umezungushwa na geti lipo, hati anayo kwa jina lake mwenyewe. Milioni 95. Mke wangu alipoona jiko la ndani lenye makabati alinyamaza tu akawa anafungua na kufunga droo, nikajua moyo umeshabaki pale.

Sasa nikinunua ya Ngamiani nabaki na hela ya kukarabati lakini naogopa nisiingie kwenye shimo lisilo na mwisho, nikinunua ya Kange naishiwa kabisa ila naingia na mabegi tu. Dalali ananipa presha kila siku, anasema bomba la mafuta linakuja Chongoleani bei zinapanda nikichelewa nimekosa. Nyie mlioko huko mngefanyaje?

Fundi_Bisibisi

Kaka karibu Tanga. Hujasema kitu kimoja ambacho ndo kikubwa kuliko vyote, ukuta wa hiyo nyumba ya Ngamiani umejengwa na nini? Maana Ngamiani nyumba tatu zimepangana zote zina plasta ya simenti na rangi, ukizitazama kwa nje ni ndugu, kumbe moja ni miti na udongo, nyingine mawe na chokaa, nyingine tofali za miaka ya sitini. Ni nyumba tatu tofauti kabisa na bei zake zinatakiwa ziwe tofauti.

Mi nina miaka 27 kwenye hii kazi na ninavyofanya ni hivi. Zima umeme kwenye meni, chomoa swichi moja ya ukutani, mulika tochi ndani ya tundu. Ukuta wenyewe utakwambia, utaona udongo mwekundu na mti au utaona jiwe. Fanya hivyo vyumba vyote, usiishie ukumbini, kwa sababu nyumba nyingi mbele iliongezwa baadaye ikajengwa kwa tofali na nyuma ikaachwa udongo uleule. Halafu pima unene pale dirishani, mawe utakuta futi moja na nusu kwenda juu, ndo maana mama kaona baridi. Tofali huwa ni inchi tano au sita tu, basi.

Kama ni miti na udongo, hapo unanunua kiwanja. Sisemi nyumba ya udongo ni mbaya, nimezaliwa humo na ikitunzwa inaishi miaka mingi sana, lakini mtu anapoipiga simenti juu halafu anaisahau mchwa anapanda kwa ndani anakula miti yote, ukuta unabaki umesimamishwa na plasta. Gonga na kifundo cha kidole kuanzia chini mpaka kiunoni, ukisikia sauti ya debe tupu ujue. Na bisibisi, nenda nayo, chomeka kwenye miimo ya milango na kwenye kenchi (mbao zinazobeba bati), ikizama kama kwenye mkate hiyo mbao imeshakwisha.

Kama ni mawe na chokaa basi una mali, ila usimruhusu fundi yeyote akupigie simenti. Hili nalisema kila siku na watu hawasikii. Ule ukuta hauna karatasi ya kuzuia unyevu kule chini kwenye msingi, unakunywa maji ya ardhini na kuyatoa taratibu kwa juu kwa sababu chokaa inapumua. Ukiuziba kwa simenti maji hayana pa kutokea, yanapanda mpaka kifuani, chumvi inatoka nyeupe kama unga, plasta inavimba inabanduka, mwenye nyumba anamwita fundi apige simenti nzito zaidi. Mwaka juzi nimebandua chumba kizima cha mama mmoja Ngamiani tulitoa toroli 19 za simenti, tukauacha ukuta ukauke miezi miwili, tukarudishia chokaa na mchanga wa mtoni. Sa hivi anatundika picha.

Gharama, kwa nyumba ya vyumba sita ukiezua na kuezeka upya, nyaya zote mpya (zile za zamani hazina waya wa ethi usiziache hata kama zinawaka), mabomba ya chuma utoe uweke ya plastiki, choo na karo jipya la maji taka, kazi za hivi karibuni nilizofanya haikupungua milioni 20 na moja ilifika 26. Hiyo ndo hesabu yako, milioni 62 sio bei ya hiyo nyumba.

Na ile mpya usidhani imepona ukaguzi. Ukuta wa fensi ambao haujapigwa plasta kwaruza tofali na msumari, ikimwagika kama chumvi ya jikoni basi uliza mfuko mmoja wa simenti alitoa tofali ngapi. Gonga marumaru na sarafu, zenye sauti ya utupu zitapasuka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni kawaida usiogope, lakini ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari mpaka chini huo ni msingi unatitia. Na muulize mchanga alitoa wapi. Kuna watu huku pwani wanachota wa baharini, chumvi yake inakula nondo, huoni kitu mpaka miaka minne mitano zege inaanza kujimenya.

MamaMapacha_Kange

Kaka pole na karibu sana. Mimi nilihama Dar 2019 nikanunua nyumba mpya huku huku Kange, kwa hiyo naongea ninachokijua na sitaki kukutisha wala kukusifia.

Uzuri wake ni kweli upo. Nililala usiku wa kwanza bila kusikia jirani anakohoa, watoto wana pa kukimbilia, nimepanda migomba na mapapai, hati ilikuwa safi nikabadilisha jina bila shida yoyote. Na jiko la ndani, nakuambia ukweli muelewe mkeo, mwanamke aliyepika miaka kumi jiko la nje mvua inamnyeshea hiyo droo sio urembo.

Sasa ambacho hakuna mtu aliniambia. Tulinunua mwezi wa pili, kiangazi, kila kitu kinang'aa. Masika ilipoingia maji yalikuja kutoka kiwanja cha juu yakapita chini ya geti yakasimama mlangoni siku tatu, mume wangu anatoka kwenda kazini kavaa kandambili viatu kabeba mkononi. Kumbe nyumba ilikaa kwenye njia ya maji na majirani wote walikuwa wanajua, ila sisi wageni hatukuuliza. Tumechimba mtaro, tumeinua kizingiti, tumejaza kifusi lori saba. Kwa hiyo kaka angu, mwezi huu wa nne mvua zinanyesha, hiyo ni bahati yako usiiachie. Nenda Kange siku ya mvua. Sio kesho yake, siku yenyewe na gumboots zako, simama pale getini uangalie maji yanatoka wapi yanaenda wapi. Halafu ingia ndani tazama jipsamu kwenye kona, ukiona duara la rangi ya chai bati linavuja.

Kingine ni joto. Mabati haya ya rangi na dari ya chini, madirisha ya kuslaidi ambayo nusu yake haifunguki, saa tisa mchana humo ndani ni tanuri. Sisi tuliishia kununua feni nne na umeme unaujua. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na dari juu na tundu za hewa karibu na kenchi, joto linapanda linatoka.

Na mama. Samahani kama naingilia ila mama yangu mzazi alikuja kukaa na mimi akakaa miezi mitatu akaomba kurudi. Asubuhi sote tunatoka, geti limefungwa, yeye na televisheni. Alikuwa anasema "mwanangu hapa hata mtu wa kumsalimia hapiti". Mpaka leo linaniuma. Kama mama yako kapata mwenzie ndani ya dakika kumi mi ningelipa hilo uzito.

Barabara_ya_Nane

Dalali akianza na bomba la mafuta muache amalize tu. Lile bomba ni kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda, na tangu lianze kutajwa mpaka leo kila dalali wa Tanga anauzia jina hilo hata kiwanja kilicho upande wa pili wa mji. Hiyo isikuharakishe.

Ila nakuonya na kingine maana najua wakiona una cash watakupeleka tu. Akikupeleka kwenye majengo yale mazuri ya zamani ya katikati ya mji, yenye vibaraza vya juu, simama. Mengi yalitaifishwa 1971 kwa ile sheria ya majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawa ya Msajili wa Majumba na sasa yako chini ya Shirika la Nyumba. Aliyemo ndani ni mpangaji na anachokuuzia ni kilemba, yaani nafasi yake ya upangaji tu, jengo si lake. Na vya Sahare na Mwambani vinavyotazama bahari, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni, nenda na futi kamba.

Bi_Mkubwa

Mwanangu karibu Tanga, mjukuu wangu ndo ananichapia hapa. Mimi nimeishi nyumba ya namna hiyo tangu naolewa na leo nina wajukuu tisa. Hawa wote wamekuambia ya kuta, mimi nakuambia ya upepo. Kaa kwenye ule ukumbi fungua mlango wa mbele na wa uani yote miwili. Upepo wa kusi ukianza, na saa hizi ndo unaanza, ukisikia upepo unapita moja kwa moja mpaka nguo za uani zinacheza basi hiyo nyumba aliyeijenga alijua anachokifanya. Ukiona hewa imesimama tazama uani, mara nyingi mtu kajenga kichumba cha kupangisha kaziba njia ya upepo, hicho unakibomoa.

Kisima kionje maji. Visima vya mjini vingine vimeingia chumvi, ni vya kufulia na kuoshea tu, na kama choo cha shimo kipo karibu usiyanywe hata kidogo ukaja kuwaumiza watoto. Maji ya kunywa mtavuta ya bomba yapo.

Na mama yako chumba chake kiwe cha mbele, dirisha la barazani. Asikae nyuma. Mtu mzima akisikia watu wanapita "hodi, umeamkaje" siku yake inakwenda.

Nilinunua_2016

Nimesoma wote mmeongea vizuri ila hakuna aliyegusa neno "urithi" na hilo ndo lililonitoa jasho, kwa hiyo naomba unisome polepole.

Nilinunua nyumba ya urithi hapa hapa Tanga 2016. Watoto wa marehemu sita, wote nikawaona kwa macho, wote wakasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hela nikahesabu mbele yao, tukala na biriani. Nikakarabati, nikaingia. Mwaka wa tatu, baada ya magharibi, nimekaa barazani na watoto wanasoma, anakuja mtu mzima na begi dogo anasema "assalaam aleykum, mimi ni mtoto wa marehemu, natokea Mombasa". Mama mwingine, mke wa kwanza. Kavuka Horohoro asubuhi na cheti chake cha kuzaliwa kimewekwa kwenye nailoni. Hakuwa tapeli, ni haki yake kabisa, hakuna aliyemwambia kama nyumba ya baba yake imeuzwa. Wale ndugu sita walikuwa wanajua yupo.

Nilikosea wapi? Hakukuwa na msimamizi wa mirathi. Walisaini kama watoto tu, na watoto hawana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama iteue msimamizi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi na muhuri wa serikali ya mtaa hautoshi. Kesi ilienda miezi 14, tukaishia kukaa chini na wakili nikamlipa fungu lake mimi kutoka mfukoni kwangu, maana wale sita hela walishakula na mmoja alishafariki. Namshukuru Mungu yule kaka alikuwa muungwana, angetaka kunitoa angenitoa.

Kwa hiyo ya Ngamiani uliza, msimamizi ni nani na Fomu Namba 4 ya mahakama ya mwanzo, ile ya kumteua, iko wapi. Chukua namba ya shauri nenda mahakamani mwenyewe ukaulize, usipokee fotokopi. Uliza marehemu alikuwa na wake wangapi, na usimuulize mwenye kuuza, waulize majirani wazee, yule bibi anayeongea na mama yako ndo shahidi wako wa kwanza. Warithi wote wasaini akiwemo aliye Muscat au Mombasa au Pemba, na watoto wa kike pia, kuna familia wanawapita kimya kimya. Halafu wakili asimamie na hela ipite benki.

Ya Kange nako usilale. Hati iwe mkononi mwake sawa, lakini nenda ofisi ya msajili wa hati kafanye sachi uone kama haina mkopo wa benki juu yake, hao wanaojenga kuuza wengi wanajenga kwa mkopo. Angalia hati ni ya miaka 33, 66 au 99 na imebaki mingapi. Kodi ya pango la ardhi kama inadaiwa ailipe yeye kabla. Na kama jamaa ana mke na nyumba iliwahi kuwa ya familia, ridhaa ya mke kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi kwenye hilo. Kodi ya faida ya mauzo ile asilimia 10 ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 kawaida unalipa wewe, kubalianeni mapema isije ikawa ugomvi siku ya mwisho. Kodi ya jengo haina tofauti, mpya au kuukuu unakatwa ukinunua umeme wa LUKU, 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida.

Mgeni_wa_Julai

Ndugu zangu sijui niwashukuru vipi. Bi Mkubwa shikamoo, nimekusomea mama yangu kwa sauti akasema huyo mtu nitamtafuta nikifika. Nilikaa kimya wiki mbili kwa sababu niliomba ruhusa kazini nikarudi Tanga na mke wangu, tumeenda na bisibisi, tochi, sarafu na futi kamba, leo nawapa majibu.

Kange tulifika siku ya mvua kama dada alivyosema. Tumesimama getini saa nzima na mwavuli. Maji hayakuingia ndani ya uwanja, yanapita pembeni kwenye mtaro, hapo nikafurahi. Bati halivuji. Ila marumaru ya sebuleni karibu theluthi nzima inalia utupu, na ukuta wa fensi nilipokwaruza na msumari mke wangu ndo alisema "simama usije ukautoboa". Nilimuuliza jamaa kwa upole tu msingi mpaka bati ilichukua muda gani akasema kwa fahari wiki tano. Wiki tano! Nikamuuliza tofali zilimwagiliwa siku ngapi, akaniambia mvua zilikuwa zinanyesha zenyewe. Sachi nimefanya, hati ni yake lakini ina mkopo juu yake, na yeye hakuwa amenitajia hata mara moja. Anasema hela yangu ndo italipia benki kisha hati itoke. Labda ni kweli lakini hakuniambia, na hilo limenikaa vibaya kuliko marumaru.

Ngamiani sasa. Nimechomoa swichi vyumba vyote sita. Vinne vya mbele na ukumbi ni mawe, mkono unazama kwenye dirisha mpaka kwenye kiwiko, futi moja na inchi nane. Viwili vya nyuma ni miti na udongo na kimoja kinalia debe tupu upande wote wa uani. Chumba cha pili kulia kimepigwa simenti mpaka kiunoni na ndo hichohicho chenye unga mweupe, niligusa nikaonja, ni chumvi kabisa. Kenchi bisibisi haikuingia isipokuwa mbili juu ya jiko. Tulifungua milango yote miwili kama Bi Mkubwa alivyosema, kulikuwa na kanga imeanikwa uani ikapaa ikafunika kisima, mke wangu akacheka, na ndo mara ya kwanza namuona anacheka kwenye ile nyumba.

Urithi. Bibi wa jirani kanieleza kila kitu bila hata kumuuliza mara mbili. Marehemu alikuwa na wake wawili, watoto wanane sio watano kama dalali alivyosema, wawili wapo Muscat na mmoja Pemba. Msimamizi hajateuliwa. Nimekutana na mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mstaarabu kweli, nikamwambia naitaka nyumba lakini silipi hata senti tano ya advansi mpaka Fomu Namba 4 itoke na wote wanane wakubali. Nilidhani atakasirika. Akasema hata yeye amechoka kulibeba peke yake, wakifungua shauri wiki ijayo atanipa namba.

Fundi nakuuliza, kwa hali hiyo niliyoieleza bei yake ni ngapi? Na je vile vya nyuma nibomoe?

Fundi_Bisibisi

Umekagua kuliko mafundi ninaowajua. Vyumba vinne vya mawe na kenchi nzima hiyo nyumba nichukulie mimi kama wewe hutaki.

Vya nyuma vibomoe, hasa kile kinacholia, masika moja nzito kinaweza kulala chini na kina ukuta mmoja na choo. Usijenge palepale haraka. Hapo ndo mahali pa jiko la mkeo, la ndani, la tofali, lenye makabati na droo zake, na choo cha kukaa cha mama pembeni yake bila kizingiti, weka chuma cha kushikia ukutani. Chumba cha chumvi bandua simenti yote kiache kipumue usikilalie mpaka kikauke. Udongo wa zile kuta usiutupe, unafaa kusawazisha uwanja.

Bei usinitaje mimi, ila wakumbushe kuna milioni 24 za kazi na vyumba viwili ambavyo hununui. Mi ningeanza na 48 nisipite 54. Na kwenye makubaliano yenu waandike kabisa kisima kimo.

MamaMapacha_Kange

Mwezi wa saba na mirathi ya watu wanane haviendani, usiwaharakishe. Pangisha kwanza. Chumbageni na Nguvumali kuna nyumba za vyumba vitatu, tafuta miezi sita sita, watoto waanze shule na mama apate hospitali ya karibu, Bombo sio mbali. Na tafuta ya chini, sio ghorofa. Nikisikia yoyote nakuandikia.

Mgeni_wa_Julai

Dada ushauri wako tumeufuata, tumepata ya chini Chumbageni miezi sita kuanzia Juni mwishoni, sio nzuri sana lakini mlango wa mama ni tambarare.

Jamaa wa Kange nimempigia mwenyewe nikamwambia sitanunua na sababu nimemwambia, mkopo aliouficha na tofali. Alinyamaza kidogo akasema sawa. Dalali ndo kakasirika.

Namba ya shauri nimeshapewa, nimeenda mahakamani nikaiona kwa macho yangu. Tangazo limeshabandikwa kwa yeyote mwenye pingamizi. Wa Muscat wamekubali kwa simu na watatuma maandishi, wa Pemba anakuja mwenyewe baada ya mwezi huu. Tumeongelea 53 na hawajakataa wala hawajakubali.

Mke wangu ameshachora lile jiko kwenye daftari la mtoto, dirisha linatazama kisima, na kaandika vipimo vya droo. Fundi kama upo Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale mlangoni, mtoto wa marehemu ameruhusu tupande darini kuangalia zile kenchi mbili za juu ya jiko. Ngazi nimeazima kwa jirani. Bibi kasema chai na muhogo viko juu yake.